Kuchagua Vihisi vya Unyevuanga na Halijoto kwa Hifadhi ya Miswada ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu biashara, lakini ni vigumu kupata mali inayoihitaji zaidi kuliko miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana, umefikia kizazi hiki kwa sababu karatasi yake haikuoza. Tenzi nyingine zisizojulikana idadi hazikupata bahati hiyo. Hazikuchomwa wala kuibwa; zililiwa na kuvu, mchwa na unyevu, polepole, bila ya mtu kuona siku wala saa.

Sehemu ya urithi huu imehifadhiwa katika maktaba kubwa. Maktaba ya SOAS mjini London ina miswada iliyokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo uliotokana na juhudi za J. W. T. Allen. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mingine ingali majumbani, katika makasha na rafu za familia za pwani. Picha ni kinga muhimu, ila haiwezi kuchukua nafasi ya waraka wenyewe. Alama ya maji iliyofichika ndani ya karatasi, aina ya wino, mshono wa majalada na kurasa zilizowahi kukatwa na kushonwa upya ni ushahidi ambao mtafiti huupata kwa kuushika waraka na kuuinua kwenye mwangaza.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua vihisi visivyotumia waya vya kupimia unyevuanga na halijoto mahali panapohifadhiwa miswada kama hiyo. Suala hili limekuwa la mkutubi mdogo na la familia, wala si la maktaba kubwa pekee, kwa kuwa vifaa hivi sasa ni vidogo kama kisanduku cha kiberiti na husomwa kwa rununu. Hata hivyo, wingi wa vifaa sokoni haumaanishi kwamba kila kifaa kinafaa.

Unyevuanga ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku neno "unyevu" hubeba maana nyingi: ukuta una unyevu, nguo ina unyevu, hewa ina unyevu. Anayenunua kihisi hana budi kutenganisha maana hizo. Kiasi cha mvuke wa maji uliomo hewani ni jambo moja. Uwiano wa mvuke huo na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa inaweza kubeba katika halijoto ile ni jambo jingine. Uwiano huo ndio unyevuanga linganishi, na ndio unaoandikwa kwa asilimia kwenye kioo cha kihisi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Hewa yenye halijoto ya nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Ikiwa unyevuanga wake ni asilimia 70, basi imebeba gramu 21. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 25, uwezo wake hupungua hadi takriban gramu 23. Mvuke haukuongezeka hata chembe, lakini unyevuanga sasa umekaribia asilimia 91. Ikipoa zaidi hadi nyuzi 20, uwezo wake ni takriban gramu 17 tu, na gramu 4 zilizobaki hazina budi kugeuka maji juu ya chochote kilicho baridi.

Kutokana na hesabu hii, mambo mawili hudhihirika. Kwanza, kihisi kinachopima unyevuanga bila ya kupima halijoto hakisemi habari kamili, kwani asilimia bila ya nyuzi ni nusu ya sentensi. Pili, kiyoyozi si dawa ya kila ugonjwa. Mswada uliokaa katika chumba chenye nyuzi 20, ukitolewa ghafla hadi ukumbini mwenye nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 70, huota umande kama chupa ya maji baridi iliyowekwa mezani. Maktaba inayowasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku inaweza kuwa inaitesa karatasi zaidi kuliko chumba kisichokuwa na kiyoyozi kabisa.

Kipi kinachodhuru karatasi?

Kuvu ndiyo hatari ya kwanza. Unyevuanga ukivuka asilimia 65 kwa muda mrefu, chembe za kuvu ambazo daima zimo hewani huanza kupata uhai juu ya karatasi, ngozi na gundi. Pwani ya Kenya, hasa majira ya masika, kiwango hicho huvukwa nje ya nyumba karibu kila siku. Hatari ya pili ni ukavu. Unyevuanga ukishuka sana, karatasi na ngozi hukakamaa, na jalada hupinda. Hatari ya tatu, ambayo husahauliwa, ni mabadiliko ya ghafla. Karatasi hunywa mvuke na kutanuka, kisha huutoa na kunywea. Ikirudia hivyo kila siku, wino huanza kubanduka na mshono kulegea.

Halijoto nayo huharakisha uozo wa kikemikali. Wahifadhi hutumia kanuni ya makadirio isemayo kwamba kila ongezeko la nyuzi 5 hivi huongeza maradufu kasi ya karatasi kuchakaa. Kwa muda mrefu majumba ya makumbusho ya Ulaya yalishikilia kiwango cha asilimia 50 na nyuzi 20, kikiwa na nafasi ndogo sana ya kupanda au kushuka. Katika miaka ya 2010 wakurugenzi wa makumbusho makubwa waliokutana katika kundi la Bizot walilegeza masharti: unyevuanga uwe kati ya asilimia 40 na 60, halijoto iwe kati ya nyuzi 16 na 25, na unyevuanga usibadilike kwa zaidi ya asilimia 10 katika saa 24. Nyumba ya Lamu isiyokuwa na mitambo haitaweza kufikia nyuzi hizo. Hata hivyo, inaweza kujitahidi kukaa chini ya asilimia 65 na kuzuia mabadiliko ya ghafla. Lengo linalofikika ni bora kuliko kanuni inayotundikwa ukutani.

Sanduku la sigara na kasha la miswada

Vihisi vingi vidogo vinavyouzwa leo havikuundwa kwa ajili ya nyaraka. Miongoni mwa wateja wake ni watunzaji wa gitaa, wafugaji wa mijusi na wapenzi wa sigara nene zinazosokotwa kwa majani mazima ya tumbaku, kama zile za Kuba. Sigara hizo huwekwa katika masanduku ya mbao yenye unyevuanga wa asilimia 65 hadi 70 ili majani yasikauke na kupasuka. Kwa hiyo, baadhi ya vifaa huja vikiwa vimepangwa kupiga kengele unyevuanga unaposhuka chini ya asilimia 65, na kunyamaza ukiwa 68. Kwa mwenye sigara hiyo ni habari njema. Kwa mwenye mswada ni kinyume kabisa cha anachokitaka: kifaa kinyamaze wakati kuvu inaota, na kipige kelele wakati karatasi iko salama. Mnunuzi ahakikishe kwamba viwango vya kengele vinaweza kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, wala havikufungwa kiwandani.

Hata hivyo, masanduku hayo mawili yana udugu wa kweli. Yote mawili hufungwa barabara, na mbao zake hunywa na kutoa mvuke, hivyo hupunguza kasi ya mabadiliko. Yote mawili huogopa mdudu mmoja: mbawakawa wa tumbaku, ambaye wanasayansi humwita Lasioderma serricorne. Mdudu huyu hatosheki na tumbaku. Hutoboa pia majalada ya vitabu akitafuta gundi ya wanga, naye hustawi penye joto. Kwa mintarafu hii, uzoefu wa watunza sigara katika kupima hewa ya sanduku dogo lililofungwa una mengi ya kumfaa mhifadhi wa miswada, mradi asiige viwango vyao.

Kihisi chenyewe na usahihi wake

Vipimaunyevu vya zamani vilitumia unywele. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kazi iliyoeleza jinsi unywele wa binadamu unavyorefuka hewa inapokuwa na mvuke mwingi na kufupika inapokauka. Vifaa vya aina hiyo vilidumu kwa muda mrefu. Mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Finland ilitoa kihisi cha utando mwembamba wa polima. Utando huo hunywa mvuke na kubadilisha uwezo wake wa kutunza chaji ya umeme, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa asilimia. Vihisi vingi vidogo vya leo hufuata kanuni hiyo.

Ndani ya visanduku vinavyofanana kwa sura mna vihisi vinavyotofautiana sana. Kihisi cha bei ya chini kiitwacho DHT11 kina kosa linaloweza kufika asilimia 5 juu au chini. BME280 cha kampuni ya Bosch kina kosa la kawaida la asilimia 3, na SHT31 cha kampuni ya Sensirion ya Uswisi asilimia 2. Tarakimu hizi zina uzito. Chukulia kwamba kifaa kinaonyesha asilimia 62. Ikiwa kosa lake ni 5, unyevuanga halisi unaweza kuwa popote kati ya 57 na 67, yaani upande wowote wa mpaka wa kuvu. Ikiwa kosa lake ni 2, unyevuanga uko kati ya 60 na 64, na mhifadhi anaweza kulala. Kifaa kinachoandika "62.4" kwa madoido ya nukta si lazima kiwe sahihi kuliko kinachoandika "62", nukta ni ya kioo, usahihi ni wa kihisi. Muuzaji asiyeweza kutaja jina la kihisi kilichomo wala kiwango cha kosa lake, heri aachwe.

Njia ya mawasiliano

Kifaa kisichotumia waya hutuma vipimo kwa mawimbi ya redio, na hapa ndipo majengo ya pwani yanapoleta mtihani wake. Aina ya kwanza hutumia Bluetooth ya matumizi madogo ya nishati, iliyoanzishwa mwaka 2010. Betri moja yenye umbo la sarafu inaweza kuiendesha kwa mwaka mmoja au zaidi, na vipimo husomwa kwa rununu. Udhaifu wake ni umbali: ndani ya nyumba, hasa penye kuta nene za mawe ya matumbawe, mawimbi yake huenda yasivuke chumba cha pili. Aina ya pili hutumia Wi-Fi. Hii hupeleka vipimo moja kwa moja kwenye intaneti, ila hula betri haraka na hunyamaza mtandao unapokatika. Aina ya tatu hutumia mfumo wa LoRa, ambao mawimbi yake yako chini ya gigahezi 1, tofauti na gigahezi 2.4 zinazotumiwa na Bluetooth na Wi-Fi za kawaida. Mawimbi hayo hupenya kuta vyema zaidi na kufika mbali, ingawa hubeba taarifa chache kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kipimo cha unyevuanga ni tarakimu chache tu, uchache huo haudhuru. Kinachohitajika ni kituo cha kupokea mawimbi, ambacho ni gharama ya ziada.

Kwa familia yenye kasha moja, Bluetooth yatosha. Kwa maktaba ya chumba kimoja au viwili chenye umeme wa uhakika, Wi-Fi inaweza kufaa. Kwa jengo lenye vyumba vingi na kuta nene, LoRa ina hoja nzito. Katika hali zote, ikumbukwe kwamba kabati la chuma lililofungwa huzuia mawimbi ya redio. Kihisi kikitiwa ndani yake na mlango kufungwa, kinaweza kupima vizuri na kisisikike kamwe. Kijaribiwe mahali hasa kitakapokaa, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kununuliwa vingine kumi.

Kumbukumbu na umiliki wa taarifa

Umeme hukatika, na intaneti hukatika. Kihisi bora ni kile kilicho na kumbukumbu yake ya ndani, kinachoendelea kuandika kikiwa kimetengwa na kisha kutuma yote mawasiliano yanaporejea. Kipimo kimoja kila dakika 15 kinatosha kwa karatasi. Hivyo ni vipimo 96 kwa siku na 35,040 kwa mwaka. Mnunuzi aulize kumbukumbu inabeba vipimo vingapi. Kifaa chenye nafasi ya vipimo 4,000 hujaa baada ya siku 41 hivi. Hizo zinatosha kwa likizo fupi ya mkutubi, lakini hazitoshi ikiwa kasha hutembelewa mara moja kwa miezi mitatu.

Aidha, vifaa vingine havifanyi kazi bila ya kupitia tarakilishi za mtengenezaji zilizoko ng'ambo. Kampuni ikifunga huduma hiyo, vihisi hubaki viziwi na kumbukumbu ya miaka hupotea. Mswada wa karne tatu haupaswi kutegemea uhai wa programu ya miaka mitano. Kifaa kinachofaa ni kile kinachoruhusu vipimo kunakiliwa katika faili ya kawaida inayoweza kufunguliwa na tarakilishi yoyote. Daftari linalotajwa katika methali lina maana tu likiwa mikononi mwa mwenye mali.

Kukipima kipimaji

Utando wa polima hupotoka kadiri miaka inavyopita, hasa ukikaa katika mvuke wa kemikali. Kafuri na tembe za naftalini zinazotiwa katika makasha ili kufukuza wadudu zisikae karibu na kihisi. Habari njema ni kwamba upotofu huo unaweza kugunduliwa kwa chumvi ya jikoni.

Chumvi hutiwa katika kizibo cha chupa, kisha hudondoshewa maji machache hadi iwe kama mchanga uliolowa, bila ya kuyeyuka yote. Kizibo na kihisi huwekwa pamoja katika mfuko au chombo cha plastiki kisichopitisha hewa, bila ya kugusana, katika chumba ambacho halijoto yake haibadiliki sana. Baada ya muda wa saa 12 hadi 24, hewa iliyomo ndani hutulia kwenye unyevuanga wa asilimia 75, na kiwango hicho hakibadiliki sana halijoto ikiwa kati ya nyuzi 20 na 30. Kihisi kikionyesha 79, kinazidisha kwa 4. Kwa kuwa kosa la juu huenda lisilingane na kosa la chini, jaribio la pili lifanywe kwa magnesi kloridi, ambayo hutoa asilimia 33 hivi. Vipimo viwili hivyo huonyesha iwapo kifaa kinapotoka kwa kiasi kilekile popote au kwa kiasi kinachobadilika. Kifaa kinachomruhusu mtumiaji kuingiza sahihisho kina faida kubwa. Jaribio lirudiwe kila mwaka na tarehe yake iandikwe.

Mahali pa kuviweka

Kihisi kimoja katikati ya chumba hakitoshi. Kuvu haianzi katikati ya chumba. Huanza pembeni, kwenye rafu ya chini, nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje, mahali hewa isipopita. Mpango wa vihisi vitatu unaweza kuwa mwanzo mzuri: kimoja ndani ya kasha au rafu yenye miswada, cha pili katika kona yenye hatari zaidi, na cha tatu nje, kivulini, mbali na mvua.

Kihisi cha nje huwashangaza wengi, lakini ndicho kinachojibu swali la kila siku: je, dirisha lifunguliwe? Ikiwa hewa ya nje imebeba gramu nyingi za mvuke kuliko ya ndani, kufungua dirisha ni kukaribisha adui, hata kama upepo unaburudisha. Ikiwa imebeba chache, dirisha ni dawa isiyo na gharama. Jibu hilo hupatikana kwa kulinganisha unyevuanga na halijoto za pande zote mbili, wala si kwa kuhisi ngozini.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kihisi kinachofaa kwa hifadhi ya miswada hupima unyevuanga na halijoto kwa pamoja, kosa lake halizidi asilimia 3, viwango vyake vya kengele hubadilishika, kina kumbukumbu ya ndani, vipimo vyake hunakilika bila ya kumtegemea mtengenezaji, na mawimbi yake huvuka kuta za jengo lililopo. Uzuri wa kioo na wingi wa rangi katika programu ya rununu si sifa za kutafutwa.

Hata hivyo, kihisi hakikaushi karatasi. Kengele inayolia saa nane za usiku wakati wa masika haina faida ikiwa haijaamuliwa ni nani atakayeisikia na atafanya nini: kuwasha feni, kubadilisha jeli ya silika iliyojaa unyevu, kusogeza kabati mbali na ukuta, au kuzitenga kurasa zilizoanza kupata madoa. Kabla ya kununua kifaa cha kwanza, wahusika waandike majina na hatua hizo katika karatasi moja na kuibandika mlangoni. Wanafunzi wa Kiswahili wanaochambua beti za tenzi kutoka vitabu vilivyochapishwa wanategemea, wajue wasijue, watu waliozitunza kurasa za kwanza kwa mikono yao. Daftari la unyevuanga na halijoto ni mchango mdogo wa kizazi hiki katika kazi hiyo, na linaweza kuanzishwa kwa kifaa kimoja, chumvi kidogo na kasha moja.